Beti Mbili za Yvette Pinnock

Gavin Stoker alikuja na keki, na kwa miaka yote aliyomfahamu, Yvette hakuwahi kumwona akimpelekea mtu keki bila sababu. Aliiweka juu ya meza ya jikoni, akavua koti lililolowa, akamsalimu kila mmoja kwa jina lake. Hata Bibi Icilda, mama yake Yvette, ambaye presha ya macho ilimpofusha miaka sita iliyopita na ambaye muda wote alikuwa amekaa kando ya kipasha joto akichambua maharagwe kwa vidole, alishikwa bega.

"Toa mkono, una maji," Icilda alisema.

Gavin alicheka, akautoa. Alikuwa promota, mtu wa kupanga maonyesho, na kucheka ilikuwa sehemu ya kazi yake. "Wiki nne, Yvette mpenzi. Miji kumi na miwili. Sizungumzii vilabu vya wafanyakazi wala kambi za likizo. Kumbi kubwa, watu elfu nane, elfu tisa kila mara. Waimbaji saba wa enzi zile, kila mmoja na nafasi yake. Wewe umo."

Yvette alikuwa amempa mgongo, anamimina chai. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Katika maisha yake alirekodi albamu tatu, na katika albamu hizo tatu watu waliukumbuka wimbo mmoja, "Jumanne Tena," uliokaa nafasi ya pili nchi nzima kwa wiki tano wakati yeye ni msichana wa Huddersfield mwenye meno yaliyopishana. Wiki tano hizo ndizo zilizomfuata mpaka leo. Kwa sababu ya wimbo huo aliitwa kuimba kwenye harusi za watu asiowajua, kukata utepe wa maduka ya samani, kuimba melini huku abiria wanakula viazi.

"Sauti imeshuka, Gavin," alisema bila kugeuka.

"Najua. Nilikuwepo Bridlington."

Yvette aliweka birika chini. Bridlington, mwezi wa nane, alipofika pale juu penye wimbo, pale ambapo sauti inapanda ngazi kwa ngazi na kubaki huko, aliwageuzia watu maiki ili waimbe wao. Waliimba, wakacheka, akacheka nao. Alidhani hakuna aliyejua kwa nini amefanya vile. Daktari wa koo alikuwa amemweleza vizuri tu: haijaharibika, Bibi Pinnock, imechakaa. Kana kwamba ni zulia.

Mlango wa mbele ukafunguliwa, akaingia Karis, binti yake, bado kavaa sare ya buluu ya nyumba ya wazee anakofanya kazi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Gavin alimtazama kwa namna ambayo Yvette aliielewa kabla mdomo wake haujafunguka, na ikawa wazi keki ilikuwa ya nani.

"Pale juu tu," Gavin alisema. "Sekunde ishirini. Karis anasimama nyuma pamoja na waitikiaji wengine wawili. Ukifika pale, wewe unainua uso, unafumba macho, unafungua mdomo. Yeye anaimba. Nilimsikia kwenye mazishi ya yule mpiga gitaa wako, nikageuka nikidhani ni wewe. Beti zako mbili zinabaki zako. Kiitikio mnaimba wote. Nani anaumia hapo?"

Neville, mume wake Yvette, alikuwa ameegemea friji. Aliendesha lori la halmashauri la kumwaga chumvi barabarani, na kwa kawaida hakuingilia mambo ya muziki. "Hiyo si ndiyo inaitwa kudanganya watu?"

"Inaitwa onyesho, Neville."

"Ala. Nilidhani ina jina jingine."

Maharagwe yalianguka moja moja kwenye bakuli. "Mtoto mwenyewe ameulizwa?" Icilda alisema.

Wote wakamgeukia Karis, ambaye alikuwa bado hajavua viatu. Karis akamtazama mama yake. "Wewe unataka, Mama?"

Yvette alitaka kiasi cha kuona aibu. Alizitaka zile taa, na lile joto linalopanda kutoka kwa watu wengi waliokaa gizani. "Kama wewe unataka," alijibu.

"Basi nataka," Karis alisema.

Hivyo ndivyo walivyokubaliana, kila mmoja akidhani anamfanyia mwenzake hisani.

*

Usiku wa kwanza ulikuwa Glasgow. Kitambulisho alichovalishwa Yvette shingoni kiliandikwa "Evette Pinnick." Alipokwenda kumwambia binti wa mapokezi, binti akasema hakina shida, hakuna anayekisoma. Chakula kilikuwa kimetengwa: chumba chenye kitambaa mezani kwa ajili ya waimbaji wakuu, na korido yenye masanduku ya chakula baridi kwa bendi na waitikiaji. Karis alisimamishwa mlangoni na kijana mpole aliyeshika orodha.

"Ni binti yangu," Yvette alisema.

"Naelewa kabisa, mama. Lakini hayumo humu."

Karis alikula mkate wake akiwa amesimama karibu na ngazi, na Yvette, ndani, hakuweza kumaliza samaki wake.

Lakini jukwaani, mambo yalikuwa mengine. Aliimba ubeti wa kwanza ndani ya gauni lililombana mbavu. Akaimba wa pili. Kisha wimbo ukaanza kupanda, akainua uso, akafumba macho, na sauti ikatoka kwenye spika kubwa kama vile haijapita mwaka hata mmoja, nyororo, changa, ikapanda na kubaki huko juu. Alihisi kama mtu aliyevaa koti la mwenzake akasifiwa kwamba limemkaa. Watu elfu nane walisimama. Mstari wa mbele, wanawake wa rika lake walikuwa wanalia, mascara imewatiririka mpaka mashavuni, na mmoja alikuwa ameinua kiganja akikielekeza kwake, kana kwamba anamwombea.

Alipotoka alimkumbatia Karis kwa nguvu. Waitikiaji wale wawili waligeuka pembeni kuwapa nafasi.

Newcastle ilikuwa bora kuliko Glasgow, na Manchester bora kuliko Newcastle. Mtangazaji mmoja wa redio alisema asubuhi kwamba miaka thelathini haikumgusa Yvette Pinnock. Wenzake katika msafara, ambao mwanzoni walimsalimu kwa kidevu, walianza kumwekea kiti. Siku ya mapumziko alijinunulia skafu ya hariri rangi ya machungwa, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu Karis azaliwe, na akaivaa hata kwenye basi.

Alimpigia Neville simu kutoka hotelini. "Inarudi, Nev. Sauti. Ubeti wa pili nausikia kabisa unapanda vizuri. Nilikosa mazoezi tu, si kingine. Daktari yule alinitisha bure."

"Nilikuambia," Neville alisema, ingawa hakuwahi kumwambia.

Kwenye kitanda cha pili, Karis aligeukia ukutani, akavuta shuka mpaka sikioni.

*

Leeds ilikuwa Jumamosi, na kwa kuwa kutoka Leeds mpaka nyumbani si mbali, familia nzima ilikwenda. Icilda hakuwa ameingia kwenye ukumbi wa muziki wa kidunia tangu mwaka sabini na moja, kanisa lake halikupenda mambo hayo, lakini alivaa kofia yake ya zambarau na akaketi wima saa tatu nzima, mkoba umekaa magotini. Neville alipiga makofi mpaka viganja vikavimba. Mwishoni alimwinamia mama mkwe wake. "Umesikia, Mama? Umesikia walivyopiga kelele?"

"Nimesikia," Icilda alisema.

Jumapili, baada ya ibada, walikaa kula. Kulikuwa na wali wa maharagwe na nazi, kuku wa kukaangwa, kabichi, na chupa ya pilipili ambayo Neville peke yake ndiye aliyeigusa. Yvette alikuwa na siku moja tu ya kukaa nyumbani kabla ya msafara kuendelea Nottingham. Alivaa skafu yake. Neville alikuwa anasimulia upya mambo ambayo wote waliyaona: yule bwana aliyepanda juu ya kiti, wale dada waliovaa fulana zenye sura ya Yvette.

"Karis," Icilda alisema, na Neville akanyamaza. "Uliimba vizuri jana. Una pumzi nzuri. Ubeti wa pili ulikimbia kidogo, lakini uliimba vizuri."

Karis aliacha kutafuna.

"Karis anaimba pale juu tu, Mama," Yvette alisema. "Tulikueleza. Beti ni zangu."

"Pale juu nako nilimsikia." Icilda alikuwa anaitafuta mifupa kwenye sahani yake kwa ncha ya uma, akiitenga. "Nimemsikia tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Wewe, mwanangu, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale, Mama! Mbele! Nimeimba kila neno, koo linaniuma mpaka sasa."

"Huenda uliimba. Mimi sioni midomo. Mimi nasikia tu, na wewe sikukusikia."

Neville alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka wengine wamfuate. Hakuna aliyemfuata. "Spika za siku hizi, Mama, zinachanganya. Hata mimi..."

"Neville, mtoto huyo nilimwogesha mimi, na mama yake nikamwogesha mimi. Usinifundishe nani ni nani."

Yvette alimtazama binti yake. Alisubiri Karis acheke, au aseme Bibi anazeeka. Karis alikuwa ameinamia sahani na masikio yake yamekuwa mekundu, kama alivyokuwa tangu utotoni kila alipoficha jambo.

"Njoo unisaidie vyombo," Yvette alisema.

"Hatujamaliza kula," alisema Neville.

"Karis. Vyombo."

Jikoni alifungulia bomba ili maji yapige kelele. Hakuwa na mpango wa kupaza sauti, hakuwa nayo ya kupaza. "Tangu lini?"

"Mama..."

"Tangu lini?"

"Newcastle." Karis alikuwa ameshika taulo la vyombo bila chombo. "Siku ya pili tu. Gavin alimwambia Tomasz, yule fundi wa sauti, afunge maiki yako, mimi niimbe yote. Alinishika kwenye korido dakika tano kabla hatujapanda. Akasema ni kwa usiku ule tu, kwa sababu umechoka. Halafu ikawa kila usiku."

"Hayo ni maonyesho sita."

"Saba. Manchester tulifanya mawili."

Yvette alishika ukingo wa sinki. Saba. Mara saba alisimama mbele ya watu akitoa jasho, akihesabu pumzi, akijipongeza moyoni kwa ubeti wa pili. "Na ukanyamaza. Nampigia baba yako simu, nasema sauti inarudi, na wewe umelala pale pale unanisikia."

"Ulikuwa umefurahi! Sijawahi kukuona umefurahi vile. Ulinunua skafu, Mama."

"Usiniambie mambo ya skafu."

"Ningesema nini? Nilipokuambia mwaka jana kwamba Scarborough uliyumba kidogo, hukuongea nami siku mbili. Siku mbili, ndani ya nyumba hii. Ukawa unaniachia ujumbe kwenye friji." Karis sasa alikuwa analia kwa hasira. "Mnasema mtoto aulizwe. Niliulizwa nini? Niliulizwa kama nataka uwe na huzuni au usiwe na huzuni. Basi. Natoka kuimba wimbo wako, nakula kwenye ngazi, halafu nasikia wanawake chooni wanasema ajabu, sauti yake haijazeeka. Unajua inavyokuwa? Natamani niwaambie ni mimi. Halafu naona aibu kwamba natamani."

Yvette aliinua mkono. Karis alidhani atapigwa, ingawa hajawahi kupigwa. Mkono ulifunga bomba tu. Kwenye ukimya ule wakasikia sebuleni Icilda akimwambia Neville amletee pilipili, leo ataijaribu.

*

Alifika Nottingham mapema Jumatatu, saa nane mchana, wakati mafundi bado wanavuta nyaya. Tomasz, fundi wa sauti, alikuwa peke yake nyuma ya meza yake ya vitufe katikati ya ukumbi mtupu, anakula supu kutoka kwenye chupa ya chai. Alikuwa Mpolandi wa makamo, mnene, mwenye adabu ya watu wanaosikia vitu vingi wasivyopaswa kuvisema. Alipomwona Yvette anakuja na koti mwilini, alifunga kifuniko cha supu.

"Unarekodi kila usiku," Yvette alisema. "Kila maiki peke yake. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Yangu unairekodi hata ukiwa umeifunga?"

Tomasz aliitazama mikono yake. "Inarekodi, ndiyo."

"Nisikilizishe Leeds."

"Bibi Yvette, mimi ningeomba..."

"Sikukuomba maoni. Umenifunga mara saba bila kuniambia, angalau hili unifanyie."

Alimvalisha visikilizio kwa uangalifu, kama anamvalisha mtoto kofia, akabonyeza. Yvette alisimama ameinamisha kichwa. Hakukuwa na bendi wala makofi, kulikuwa na yeye tu. Ilikuwa sauti ya mwanamke anayepanda ngazi akiwa na mizigo. Kila mwisho wa mstari pumzi ilimwishia kabla ya neno. Sehemu ambazo alidhani zilipanda vizuri zilikwaruza, zikateleza, zikatua pembeni ya pale zilipotakiwa. Gavin hakumwonea. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alikuja amejaa hasira, na sasa hakuwa na pa kuitua.

"Rudisha," alisema.

"Inatosha, Bibi Yvette."

"Rudisha mwanzo."

Safari ya pili alijisikiliza kama anayemsikiliza mtu mwingine, mtu aliyekuja kuomba kazi. Kwenye mstari wa nne wa ubeti wa kwanza, ambao ndio wa chini kuliko mistari yote, aliinua kidole. "Hapo. Sikia hapo. Hapo inasimama."

Tomasz alichukua kisikilizio kimoja, akakiweka sikioni. Wakasikiliza pamoja, vichwa vimekaribiana. "Ndiyo," alisema baadaye. "Hapo chini inasimama. Ni nzito, lakini inasimama."

Yvette alikwenda kumtafuta Lonsdale, mpiga kinanda, mzee aliyewahi kupiga naye miaka ya nyuma, akamwomba wimbo ushushwe ngazi tano na upigwe taratibu. Lonsdale alikuna shingo, akasema bendi itaweza. Swali ni kama Gavin atakubali.

Gavin hakukubali. Walikutana kwenye korido kando ya masanduku ya vyombo, na Gavin akamsikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande, kama daktari. Karis, aliyesafiri naye, alikuwa amesimama hatua chache nyuma ya mama yake na begi begani.

"Yvette, mpenzi. Nakuheshimu. Lakini watu hawa hawakununua tiketi kukuona wewe. Wamenunua ule wimbo. Wanataka wawe na miaka kumi na tisa kwa dakika nne, halafu warudi nyumbani. Ukiwaimbia kama mtu wa hamsini na nne, umewaibia."

"Na sasa hivi hatuwaibii?"

"Sasa hivi wanafurahi."

"Nitaimba mwenyewe, chini. Karis ataitikia kiitikio kama wengine."

"Ukifanya hivyo leo, kesho nampigia mtu mwingine."

"Mpigie."

Gavin alimgeukia Karis, akaweka uso laini. "Karis, mpenzi, zungumza na mama yako."

Karis alihamisha begi kutoka bega hili kwenda lile. "Nimeshazungumza naye," alisema. Ilikuwa kweli kwa kiasi fulani: kutoka Huddersfield mpaka Nottingham walikuwa wamesema maneno kama ishirini, mengi kuhusu tiketi.

Jioni, kabla ya kupanda, Yvette alipita kwenye meza ya Tomasz. "Atakuambia unifunge."

Tomasz alitoa sikioni kile kidude cha mawasiliano ambacho Gavin alikitumia kumpa amri, akakitia mfukoni. "Mpaka sasa hajaniambia kitu," alisema.

*

Hakukutokea muujiza Nottingham.

Kinanda kilipoanza watu walishangilia na kuinua simu zao, elfu nane wakavuta pumzi waimbe naye. Yvette akaanza kuimba, chini, polepole. Watu walijaribu kumfuata, lakini wimbo haukuwa mahali walipouacha. Wengine waliimba juu, wengine wakatafuta chini, wakagongana, wakatazamana, na kidogo kidogo wakaacha. Ukimya wa watu wengi namna ile Yvette hakuwahi kuusikia. Alishika maiki kwa mikono miwili. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, na ilikwenda pale alipoipeleka, haikuzidi hapo. Mistari ya nyuma watu walianza kuinuka kwenda kununua bia. Mwanaume mmoja akapiga kelele, "Imba ile yenyewe, mama!" na waliomzunguka wakacheka.

Alipofika pale juu, hapakuwa na juu. Aliyaimba maneno yale chini, karibu kama anayasema.

Nyuma yake Karis alikuwa amesahau kuitikia. Alikuwa ameuimba wimbo ule tangu ana miaka mitano, kwenye gari, bafuni, na sasa kwenye kumbi kubwa, na siku zote aliuimba kama wimbo wa mtu anayefurahi. Hakuwa amegundua kwamba ni wimbo wa mwanamke aliyechoka, anayehesabu siku mpaka mtu fulani arudi, na ambaye anajua hatarudi. Mwitikiaji mwenzake alimgusa kiwiko, ndipo Karis akadakia kiitikio kwa kuchelewa.

Makofi yalikuwa ya adabu. Yalikuwepo, yakaisha. Kwenye mstari wa mbele mwanamke mmoja aliyejifunga kipande cha hariri kichwani, kama wale wanaotibiwa saratani, aliendelea kupiga baada ya wengine kuacha, akaona yuko peke yake, naye akaacha.

Gavin hakumfokea. Alimkuta kwenye korido ameshaweka simu sikioni. Aliifunika kwa kiganja. "Acha kitambulisho kwa binti wa mapokezi, mpenzi," alisema, kisha akaendelea na simu yake.

Walirudi kwa treni ya asubuhi. Mtandaoni gazeti moja la mji lilikuwa limeandika mstari mmoja kumhusu: kwamba Pinnock, aliyesifiwa sana wiki zilizopita, alionekana hana hamu. Yvette aliusoma, akampa Karis simu asome.

"Hana hamu," Karis alisema. "Wapumbavu."

"Hukuitikia kiitikio cha kwanza."

"Najua. Samahani."

"Hata mimi nilishtuka. Nikadhani wamekufunga na wewe."

Karis alicheka, akaziba mdomo, kisha wote wawili wakacheka mpaka mtu wa kiti cha mbele akageuka. Halafu Yvette alilala mpaka Wakefield, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi. Neville aliwapokea stesheni na sare yake ya kazi. Alisema, "Mmekula?" akachukua mabegi yote mawili.

*

Wiki tatu baadaye Gavin alipiga simu, lakini si kwa Yvette. Alikuwa na msafara mwingine, Uholanzi na Ujerumani, wiki sita, na alimtaka Karis awe mwitikiaji. Mkataba ulikuja kwa barua pepe. Karis aliuchapisha kazini kwake, akauleta nyumbani ndani ya bahasha, akaukalisha mezani siku mbili bila kuufungua mbele ya mama yake.

Siku ya tatu Yvette aliufungua mwenyewe. Ilikuwa saa tano asubuhi, mvua inanyesha, Icilda yuko kando ya kipasha joto anasikiliza mahubiri kwenye redio. Yvette alivaa miwani, akachukua kalamu.

"Unataka kwenda?" alimuuliza Karis. "Usiniulize mimi nataka nini. Nakuuliza wewe."

Karis alichezea mpini wa kikombe. "Nataka. Nataka sana. Hata kwa Gavin."

"Haya. Kaa hapa. Mimi niliweka sahihi vitu vingi nikiwa mdogo kuliko wewe, sikusoma hata kimoja. Ona hapa." Aligonga karatasi kwa kalamu. "'Ataimba kama itakavyohitajika.' Unajua maana yake? Maana yake wanaweza kukuweka nyuma ya uso wa mtu mwingine, na ukilalamika umevunja mkataba." Akaukata mstari ule. "Na hapa. Majina ya wasanii kwenye kijitabu cha onyesho. Wewe humo."

"Waitikiaji huwa hawaandikwi, Mama."

"Leta simu."

Gavin alipokea kwa furaha, kisha furaha ikapungua. Alisema haiwezekani. Alisema kijitabu kimeshakwenda kwa mchapaji. Alisema Karis ni mtoto mzuri, ana bahati, wako wasichana mia wanaoitaka nafasi ile. Yvette alisema awachukue hao mia. Alisema pia, kwa sauti ile ile ya taratibu, kwamba watu wa magazeti bado wanamwulizia habari za Newcastle, Manchester na Leeds, na yeye bado hajaamua kama ana hamu ya kuzungumza nao. Hakuna gazeti lililokuwa limemwulizia kitu. Icilda alipunguza redio ili asikie vizuri.

Walivutana dakika arobaini. Gavin alikata simu, akapiga tena, akaomba kuongea na Karis, akaambiwa Karis ana wakala na wakala ndiye huyu anayeongea naye. Mwishoni alisema sawa, mstari ule utaondolewa, na jina litaandikwa, lakini ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, chini ya watu wa taa.

"Herufi ndogo zinasomeka," Yvette alisema. "Na uandike vizuri. Karis kwa K."

Aliweka simu mezani. Karis alikuwa amesimama, mikono yote miwili imefunika pua na mdomo. Yvette alitaka kumwambia jambo, kwamba Ujerumani abebe soksi nzito, au jambo jingine kubwa zaidi, lakini alipofungua kinywa ikatoka hewa tu. Sauti ilikuwa imekwisha yote kwa Gavin. Alijaribu tena, akatikisa kichwa, akaketi.

Neville alirudi kutoka zamu, kalowa mpaka kwenye soksi, akasimama mlangoni akiwatazama wanawake wake watatu. "Kuna nini? Mbona mko hivyo?"

Yvette alinyoosha kidole kwa Karis, na Karis akavuta kiti, akaanza kumweleza baba yake.